Nimetimiza seti yangu ya nyumba za mazimwi, na bibi wa mke wangu hanitanii tena

Wakuu, kwema humu?

Wanaonijua kwenye nyuzi za biashara wanajua mimi si mtu wa kulialia. Leo nimekuja na la kwangu mwenyewe. Atakayeona ni chai apite, lakini ninayoyaandika yamenitokea mimi, na bado yananitokea.

Nijitambulishe kwanza ili msinione mtu wa hovyo.

Mimi ni mzaliwa wa Ntobeye, Ngara. Nina diploma ya ugavi, na ada yake niliitafuta kwa kufyatua matofali, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikaenda Durban na begi moja. Nilianza kwa kupakua makontena kwenye ghala la vitu vya kuchezea watoto, nikaondoka nikiwa msimamizi wa zamu, wenyeji wenyewe wakipokea maagizo kutoka kwangu. Miaka tisa. Wengi tulioondoka nao wamerudi mikono mitupu, wengine hawajarudi kabisa.

Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Lusahunga, pale njia panda, na nyumba ya vigae nyuma ya duka. Madereva wa malori ya Rusumo wananiita Bosi.

Sisemi haya kwa majigambo. Sawa, kidogo.

Sasa, ninakusanya midoli.

Najua mtacheka, chekeni tumalize. Siyo midoli yoyote. Ni vijumba vidogo vya katuni moja ya mazimwi. Katuni yenyewe inahusu ukoo wa mazimwi wanaoishi chini ya kilima, kila mmoja ana nyumba yake, wanaogopa binadamu kuliko binadamu anavyowaogopa wao. Kijumba kinaenea kiganjani kama kipande cha sabuni. Unakifungua kama kitabu, ndani unakuta kitanda, jiko, taa, na zimwi mwenyewe, mdogo kama punje ya karanga.

Seti nzima ni nyumba kumi na mbili. Kila moja ina namba chini yake.

Nilianzaje? Durban tulikuwa watu tisa chumba kimoja. Jirani alikuwa na runinga, na watoto wake walikuwa wanaangalia hiyo katuni kila jioni. Mimi lugha sikuielewa, nilikuwa naangalia picha tu. Nikawa najiambia, hata zimwi ana kitanda chake, mimi mwenye diploma nalala juu ya maboksi.

Siku moja ghalani gari la kunyanyulia mizigo lilikanyaga boksi. Vitu vikapondeka, vikafagiliwa. Kwenye takataka nikaona kijumba kimoja kizima, namba nne. Ni nyumba ya zimwi mchungaji, ana fimbo mkononi na zizi dogo pembeni. Nyumba ilikuwa haina hata mkwaruzo, ila zimwi mwenyewe mguu wa kushoto ulikuwa umekatika chini ya goti. Ukimsimamisha anaegemea fimbo yake.

Nikamwomba mkubwa wangu, akaniambia chukua.

Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza. Baadaye mshahara ulipokaa vizuri nikanunua vingine kimoja kimoja, mpaka namba nne nyingine, nzima, isiyo na dosari. Nilirudi Tanzania na nyumba kumi na moja tofauti, pamoja na ile mbovu ya ziada. Niliyoikosa ilikuwa namba kumi na mbili tu, nyumba ya kinu. Ile haipatikani. Ilitoka kidogo sana.

Lusahunga nilimpa fundi kazi ya kabati la mninga lenye vioo na taa ndani. Likakaa sebuleni, ufunguo kwangu. Wanangu walikuwa wanaangalia kwa macho tu, mikono nyuma.

Watu walisema weeee. Mama yangu alikuja kutoka Ntobeye, akaona kabati, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Mwanangu, ulikwenda mbali kote huko ukaniletea mashetani?" Madereva wakija kunywa maji wanauliza, "Bosi, hivi ni vya mtoto gani?" Mke wangu Minza hakusema kitu, ila mgeni akija alikuwa anamkalisha kwenye kiti kinachotazama dirisha.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeliheshimu lile kabati. Bibi.

Bibi ni mama yake mama yake Minza. Ni Wasukuma, walihama Shinyanga na ng'ombe wao zamani wakaja kukaa Nyamigogo. Nyonga zilianza kumsumbua, na kwetu dispensari iko karibu, kwa hiyo Minza akamleta akae nasi.

Kwa wasiojua, kwao na hata kwetu Wahangaza, bibi na mume wa mjukuu ni watani. Siku ya kwanza tu, hajakaa vizuri, ananiambia, "Mume wangu, nilifikiri Minza amenitafutia mwanaume. Huyu mbona ni tumbo lenye miguu?"

Nikamwambia, "Bibi, hili tumbo lina diploma."

"Basi lilime, tuone."

Ndivyo tulivyoishi. Kila siku natukanwa. Nikivaa shati jipya, anasema naonekana kama mgomba uliofungwa sanda. Nikichelewa dukani, anauliza kama nimepata mke mwingine balabalani, na kama anajua kupika kuliko yeye. Wakuu, nilikuwa nawahi kufunga duka ili niende nikatukanwe. Tangu niondoke Ntobeye kila mtu ananiita Bosi, Mkubwa, Msimamizi. Yule bibi peke yake aliniona mtoto.

Sasa siku alipoliona kabati hakucheka. Aliomba kigoda, akakaa mbele yake, akatazama kijumba kimoja kimoja. Akauliza, "Hawa kila mmoja ana kwake?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na wewe ndiye uliyewajengea?"

Nikamwambia nimewatafuta kwa jasho langu, kimoja kimoja, miaka tisa.

Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Akasema, "Mume wangu, kumbe una akili."

Hapa nieleze kitu. Watu wa Bibi, wale wa imani za asili, wazee waliotangulia wanawaita masamva. Zamani kila boma lilikuwa na vijumba vidogo vya nyasi uani, kila kimoja cha mzee wake. Asubuhi anasalimiwa, anawekewa kidogo cha kula. Bibi alipohama Shinyanga vijumba vyake vilibaki huko. Nyamigogo watoto wake wameokoka wote, hakuna aliyekubali kumjengea hata kimoja. Nami haya yote nilikuwa nayajua, Minza alishaniambia. Kujua na kuelewa ni vitu viwili.

Kesho yake nikakuta punje za mtama ndani ya nyumba namba sita.

Nikapiga kelele. Mkusanyaji yeyote humu anajua, unga na punje vinaleta wadudu, wadudu wanakula rangi. Nikamwuliza, "Bibi, umefunguaje?"

"Ufunguo unauweka kwenye kiatu. Mwizi gani haangalii kiatu? Na wewe, wageni unawakalisha nyumbani kwako bila kula?"

Nikacheka. Nikampa ufunguo wa akiba, kwa sharti kwamba mtama aweke mbele ya mlango, siyo ndani. Akakubali. Ikawa kila asubuhi Bibi yuko kwenye kigoda chake, anawasalimia mmoja mmoja, "Mwangaluka, mwangaluka," anawaeleza habari za mvua na bei ya ng'ombe. Mimi nikaona raha. Kuna mtu anaviangalia vitu vyangu kila siku kwa makini kuliko mimi mwenyewe.

Alasiri moja aliniita akaniambia majina yao wote. Huyu ni baba yangu, yule ni shangazi, hawa wawili ni mapacha waliokufa wadogo. Mimi nilikuwa nimeshika simu, najibu kwenye group la wakusanyaji. Nilikuwa naitikia "enhee, enhee." Yale majina niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Wakuu, hiyo alasiri ningeipata tena ningeizima ile simu nikaitupa kisimani.

Kwa sababu kwenye group ndiko alikokuwa jamaa mmoja wa Mwanza. Ana namba kumi na mbili. Anazo MBILI. Anachokosa ni namba nne. Nikamwambia ninayo ya ziada ila zimwi wake amevunjika mguu. Akasema, "Lete hata kibovu mkuu, mimi mikono ninayo."

Mnielewe. Miaka yote hii natafuta nyumba ya kinu. Namba nne ninazo mbili, moja nzima kabisa, moja mbovu. Mtu mwenye diploma ya ugavi atafanya nini? Ya ziada inatoka, pengo linazibwa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua.

Bibi alikuwa amekwenda Nyamigogo kwenye msiba, siku nne. Sikungoja. Nilifunga kile kijumba kwenye gazeti, nikampa kondakta wa basi pale stendi. Siku ya tatu basi likarudi na nyumba ya kinu.

Niliipangusa. Nikaiweka mwisho wa safu. Nikasogeza nyingine ili pengo lisionekane. Nikapiga picha. Group zima likanipongeza, mimi ndiye wa kwanza Kanda ya Ziwa. Siku ile nilijiona nimemaliza kitu. Kama siku ya kupokea cheti.

Jumapili Bibi akarudi. Kabla hajavua hata kitenge cha safari akaenda kwenye kigoda chake. "Mwangaluka, mwangaluka," namsikia kutoka jikoni. Halafu salamu zikakatika katikati.

Nikatoka.

Akauliza, "Maduhu amekwenda wapi?"

Nikauliza, "Nani?"

Akaweka kidole kwenye kioo, pale nilipokuwa nimesogeza. Hakurudia jina.

Nikamwambia, kwa furaha kabisa wakuu, kwa furaha, "Aaa, yule kilema? Nimembadilisha. Tazama Bibi, sasa wametimia kumi na mbili!"

Minza alikuwa mlangoni. Nilimwona akifunika mdomo.

Bibi alichukua kigoda chake akaenda nacho uani.

Habari ya Maduhu nilipewa na Minza jioni ile. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Bibi. Utotoni ng'ombe alimkanyaga mguu wa kushoto, Bibi akamfunga vijiti, akambeba mgongoni msimu mzima wa mvua akiwa mtoto mkubwa tayari. Mguu ukapona vibaya, akawa anatembea kwa kuegemea fimbo, na fimbo hiyo hiyo ndiyo ya kuchungia. Walipohama kuja huku Biharamulo yeye ndiye aliyekuwa mbele ya ng'ombe. Homa ikamshika njiani, porini, kabla ya kufika Lusahunga. Wakamzika pembeni mwa njia, na ng'ombe hawangoji, wakaendelea.

Waliporudi kutafuta kaburi hawakuliona. Miti yote inafanana. Baadaye njia yenyewe ikahamishwa.

Wengine wote wa Bibi wana makaburi Shinyanga, mtu akitaka anaweza kwenda. Maduhu peke yake alikuwa hana mahali. Mpaka Bibi alipokuja kwangu akaona zimwi mchungaji, ana fimbo, ana zizi, na mguu wake wa kushoto hauko sawa.

Nikamwuliza Minza, kwa nini hakumweka kwenye ile namba nne nyingine, nzima? Akasema alimwuliza Bibi hivyo hivyo zamani. Bibi akajibu, "Yule simjui."

Nilipiga simu Mwanza palepale. Jamaa ni muungwana, sina ubaya naye. Nikamwambia ukweli, akasema, "Njoo uchukue mkuu, kinu nirudishie tu, hatuwezi kugombana na mambo ya wazee." Halafu akaongeza, "Na utafurahi. Mguu nimeshamtengenezea. Hutajua hata palipovunjika. Bure kabisa."

Nikasema asante.

Nilikwenda mwenyewe, sikutaka kondakta. Kweli jamaa ana mikono. Mguu mpya, rangi ileile ya kijani, hata kucha amechora. Ukimsimamisha anasimama wima, fimbo imeinuliwa kama askari.

Niliporudi Bibi hakuwepo. Alishaomba arudishwe Nyamigogo. Nikapanda pikipiki nikamfuata, kijumba nimekifunga kwenye leso, nimekishika kifuani njia nzima.

Nilimkuta anapepeta mtama. Nikapiga magoti, mimi, nikampa. Akakifungua, akamtoa yule zimwi, akamweka kiganjani. Akamtazama sana.

"Mzuri," akasema. "Wa nani?"

"Ni Maduhu, Bibi. Nimemrudisha."

"Maduhu alikuwa anasimama hivi?"



"Huyu ni mzima. Mrudishe kwao, mume wangu. Mama yake atamtafuta."

Bado aliniita mume wangu. Ningeishia hapo, wakuu, labda leo nisingekuwa naandika huu uzi. Ningekaa chini pale nikamwambia nisamehe, nikamsaidia kupepeta mtama. Lakini mimi ni mtu wa kutatua matatizo. Ndivyo nilivyotoka matofalini nikafika Durban. Tatizo likija nauliza kipi kimepungua, nakileta.

Kwenye duka langu nauza koleo za kukatia waya za aina tano.

Nilimweka yule zimwi juu ya kaunta, nikatafuta palepale chini ya goti. Niliikumbuka ile alama, nimeitazama miaka mingi. Nikabana. Mguu ukatoka, ukaruka chini ya mifuko ya saruji. Nikamsimamisha, akaegemea fimbo yake. Sawasawa kama zamani. Nilifurahi, nawaambia ukweli niliowaahidi. Nilipiga mluzi.

Siku ya gulio la Nyamigogo nikaenda tena.

Bibi alimtoa akamweka kiganjani. Safari hii hakumtazama sana. Alipitisha kidole pale penye ule mkato, taratibu, akarudia, kama mtu anayepima kama bado panauma.

Akasema, "Umemvunja tena."

Nikaanza kueleza. Kwamba ni yuleyule, si mwingine, kwamba sasa amerudi kama alivyokuwa. Akaningoja mpaka nikamaliza.

"Mara ya kwanza alikuwa ng'ombe," akasema. "Ng'ombe hajui kitu. Wewe umesoma."

Akamfunika kwa ncha ya kanga yake, akaingia naye ndani. Sikuitwa. Nilikaa nje mpaka kuku wakaanza kunizunguka, nikaondoka.

Sijui kama amemweka mahali au amemzika. Minza anajua, lakini hasemi, nami nimeacha kuuliza.

Kabati liko palepale. Nyumba kumi na moja, ya kinu ilirudi Mwanza. Lakini kwenye ile picha ya group bado ninazo kumi na mbili, na watu bado wananipongeza. Nimezima taa za ndani. Asubuhi nikipita naona mtama wa mwisho alioweka Bibi bado uko mbele ya milango yao, umeingia wadudu. Mimi niliyekuwa nagombana kwa punje moja, sina mkono wa kuupangusa.

Nimekwenda Nyamigogo mara tatu tangu hapo. Nimepeleka sukari, dawa za nyonga, kitenge. Nilimwambia hata nimjengee kijumba cha kweli pale uani, tofali na bati, mimi fundi ninao. Bibi alisikiliza, akasema, "Utakuwa umejisumbua."

Kila nikifika anasimama, na zile nyonga zake, ananipangusia kiti. "Karibu, baba. Za safari? Watoto hawajambo?" Anaagiza niletewe maji ya kunawa. Ananisindikiza mpaka barabarani. Mara ya mwisho nilivaa kusudi lile shati la mgomba na sanda. Akasema, "Umependeza, baba."

Wajomba wa Minza wananiambia nina bahati, Bibi ananiheshimu kuliko wakwe wote.

Somo langu ni hili, mkilitaka. Kitu chako ukikiweka mahali pa kutazamwa, kuna mtu anaweza kuweka cha kwake ndani yake bila wewe kuona. Kabla hujakiita cha ziada, uliza. Na mtu akikuambia majina ya wafu wake, weka simu chini.

Matusi ruksa, mengi nimeshajitukana mwenyewe. Wakusanyaji msije PM kuulizia bei, hakuna kinachouzwa.

Ila wale mliooa Usukumani, au mnaowajua wazee wa namna hii, naomba mnijibu kwa dhati: bibi akishaanza kukuheshimu, unafanya nini ili akutukane tena?